Njaa ya Stalin Ukraine vs njaa ya Mao China

Watu huwa wanaziweka kapu moja ila zilikuwa na tofauti bana. Ukraine 1932-33, ikiwa ndani ya Muungano wa Sovieti wa Stalin, wakulima walikuwa wameshachukuliwa mashamba na ng'ombe wakasukumwa kwenye kolkhozi, yaani mashamba ya pamoja, halafu serikali ikaja kubeba nafaka mpaka ya mbegu, na sheria ya Agosti 1932 ilikuwa ukiokota masuke shamba la pamoja unakula miaka 10 jela au risasi, yaani masuke tu! Januari 1933 wakazuiwa hata kutoka kwenda kutafuta chakula kwingine. Walikufa mamilioni.

China kuanzia 1958 ilianza kama sherehe, kijiji kizima mnakula kantini moja bure, sufuria za nyumbani zimeyeyushwa kwenye tanuru za chuma, shomoro wameuawa eti wanakula nafaka, kumbe ndo walikuwa wanakula wadudu wa mazao. Viongozi wa chini wakadanganya kuwa mavuno ni makubwa, wakubwa wakakusanya kwa hesabu hiyo ya uongo, kantini zikabaki na uji wa maji maji na nyumbani huna hata sufuria ya kuchemshia majani. Makadirio ya waliokufa ni milioni 15 mpaka 45.

Kwangu mimi ya Ukraine ina ukatili wa makusudi zaidi, ile ya China ni uongo uliopandishwa ngazi kwa ngazi, ila zote mbili nafaka iliendelea kuuzwa nje.