Kichocho: maneno yako au ontolojia ya pamoja?

Kueleza data za utafiti kwa maneno yako mwenyewe ni haraka, hakuhitaji mafunzo. Tabu huja baadaye. Tuseme faili la Ukerewe limeandikwa "kichocho", la Sengerema "bilharzia", jingine "Schistosoma mansoni", ambalo hasa ni jina la mnyoo, si la ugonjwa. Kompyuta huona vitu vitatu visivyojuana.

Ontolojia ya pamoja, yaani orodha ya dhana na uhusiano wake ambayo watafiti wote huitumia, hutenganisha ugonjwa, mnyoo na konokono anayembeba, kisha huonyesha vinavyohusiana. Kila dhana ina namba yake, na visawe vyote huelekezwa hapo; anayetafuta magonjwa ya minyoo hukipata kichocho pia. Kujaza data kwa kuifuata kunachosha, sikatai, na Kiswahili humo ni haba. Kwa data kama hizi ningechagua ontolojia, nikiacha safu moja ya maelezo huru.