Masharifu wa chuo na mlango wa nyuma: uzoefu wangu

Nimekasirika, sifichi. Kile kikundi cha wanafunzi wanaojiita ukoo wa kifalme, hapa hapa Lubumbashi, nilikisifia kwa kila mtu. Sasa nisikilizeni tena.

Asiyekijua aelewe kwanza uzuri wake. Vyeo vyote ni vya Kizungu, duki, baroni, markizi, lakini hakuna anayepata cheo kwa sababu ya mali. Unatawazwa kwa shida yako. Yuko Duki wa Delestaji, ambaye chumba chake hakina umeme tangu mvua zianze. Yuko Baroni wa Silabi Isiyolipwa, yaani vijitabu vya masomo ambavyo hajavilipia. Yuko Malkia wa Bidoni ya Njano, kila alfajiri yuko bombani. Mimi walinitawaza Kontesi wa Minervali, yaani wa karo ya chuo. Walipiga magoti, wakasoma deni langu kwa sauti kubwa kana kwamba wanataja mashamba yangu, ukumbi mzima ukapiga makofi. Deni lile lilikuwa limeninyima usingizi, na usiku ule nililala. Kwa hilo bado nawashukuru, sitasema uongo.

Halafu ikaja karamu. Chakula tuliagiza kwa mama anayetulisha sisi wote pale barabarani, wenye pesa na wa mkopo. Alikuwa kwenye mbabula, jiko lake la makaa, tangu asubuhi: bukari, ndiyo ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki tomson wa kukaanga. Akavaa kikwembe, yaani kitenge, kipya, kwa kuwa nilimwambia kuna mfalme. Mlangoni akamkuta kijana mmoja, pazia mabegani, fimbo mkononi.

"Batumishi banapitia kule nyuma."

Mama akacheka, akidhani ni sehemu ya sherehe. Kijana hakucheka.

"Weye mama, hausikie?"

"Mwana yangu, hii nyungu iko nzito."

Fimbo ikabaki pale pale, imekatiza mlango. Nyuma ya ukumbi ni mtaro na matope matupu. Mama akazunguka na nyungu yake, chungu cha chakula, kichwani, mkono mmoja umeinua kikwembe, pindo likaloa hata hivyo. Nilipolalamika wakaniambia, "Kontesi, ni mchezo tu." Mchezo wa nani? Yule mama hakutawazwa na mtu. Kwenye mchezo wao yeye peke yake alipewa kazi yake ya kweli, na matusi juu.

Tena mji gani huu wa kuchezea maneno hayo! Ulizaliwa ukiitwa Elisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji, hadi 1966. Kamalondo, alikoishi babu yangu, iliitwa Albert, jina la mfalme mume wake, na kati yake na mji wa Wazungu Wabelgiji waliacha eneo tupu makusudi, Mweusi akae kwake. Babu alijua milango ya nyuma vizuri kabisa. Na kama ni ufalme tunautaka, Katanga yetu hii ina upungufu gani? M'siri alitawala Bunkeya mpaka Wazungu walipomuua mwaka 1891. Mwant Yav, mfalme wa Walunda, yupo mpaka leo.

Nilitaka kuwaambia msiingie kabisa kwenye kikundi hiki. Lakini Malkia wa Bidoni alitoka nje siku ile ile, akamtandikia mama kiti cha enzi chenyewe akae, akamwosha pindo kwa maji ya bidoni yake. Huyo ningemfuata popote. Kwa hiyo sijui niseme nini: wanachama wengi ni watu wazuri, na mlango wao ni mbaya. Hapana, tena hapana, ni zaidi ya mlango, kwa sababu nusu ya malipo ya mama bado wanaishikilia, eti hazina ya ufalme imekauka. Michango yetu tulitoa. Wamlipe, na yule kijana wa pazia aende barabarani kwa mama mchana, watu wakiona, amwombe radhi. Kabla ya hapo wasiniite Kontesi.