Kilisun: losheni ya jua niliyoipima nyuma ya sikio la mwanangu

Kwa mwaka mzima sasa mwanangu mwenye ualbino, ambaye yupo darasa la nne, amekuwa akipaka Kilisun, losheni iliyobuniwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, mahsusi kwa watu wenye ualbino, ambao hugawiwa losheni hiyo bila malipo. Kabla ya hapo duka moja la dawa liliniuzia krimu yenye picha ya jua kwenye kopo, na nilipoipeleka kliniki nikaambiwa kwamba ni mafuta ya kulainisha ngozi tu. Miezi ile ilimwachia gamba dogo nyuma ya sikio la kushoto, lenye kukwaruza kidole kama msasa, ambalo daktari aliligandisha kwa naitrojeni kabla halijageuka saratani.

Gamba hilo ndilo lililonifanya nitake kujua kinachoendelea ndani ya ngozi. Seli yenye afya haijiamulii kugawanyika. Husubiri molekuli ya ukuaji itue kwenye kipokezi kilichopo juu ya utando wake, kisha ujumbe hupokezanwa na protini moja baada ya nyingine hadi kwenye kiini. Mionzi ya jua huvuruga utaratibu huo mara mbili: huamsha vipokezi viitwavyo EGFR hata kama hakuna molekuli iliyofika, na hujeruhi DNA, ikiwemo jeni ya p53, ambayo kazi yake ni kuiamuru seli iliyoharibika isimame au ife. Kibaya zaidi ni pale seli hizo zinapoanza kutuma na kutumia jumbe za kuhama. TGF-beta, molekuli ya ujumbe ambayo hapo mwanzo huzuia uvimbe usikue, huishia kuzichochea seli za saratani ziachane na jirani zake. Vimeng'enya hula tabaka linalotenganisha ngozi ya juu na ya chini. Na VEGF, molekuli nyingine ya ujumbe, huita mishipa mipya ya damu, huku ndugu yake VEGF-C akifungua njia za limfu kuelekea kwenye tezi za shingoni. Saratani ikishafika huko, kazi ni ya daktari wa upasuaji na wa mionzi, wala si ya losheni yoyote.

Kwa hiyo thamani ya Kilisun naiona pale mwanzo kabisa, kabla ujumbe wa kwanza haujaenda kombo. Kinga yake ni ya kiwango cha 30+, maana yake ni kwamba ikipakwa ipasavyo hupitisha takriban asilimia 3 tu ya mionzi ya UVB, ile inayounguza ngozi. Neno "ipasavyo" lina uzito wake: wengi wetu hupaka kidogo mno kwa kuhofia kopo kuisha, na kinga hushuka. Sisi hupaka kwa wingi kabla hajatoka kwenda shule, kuanzia masikio, kisogo na midomo, sehemu ambazo kofia huzisahau, naye hurudia mchana akiwa na shati la mikono mirefu.

Naipendekeza bila kusita kwa kila mzazi mwenye mtoto kama wangu. Pale palipokuwa na gamba pamebaki kovu laini, nami kila Jumapili hupapitisha kidole.