Filamu fupi ya mazingira: makala au ya kuigiza?

Wapiga filamu wanaolenga ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, wana ubishi usioisha. Tuseme unasimulia mwani unaokufa kijijini Paje, Unguja, kwa sababu bahari inazidi joto. Upige makala, yaani filamu ya watu na matukio halisi, au uigize?

Kwa gharama makala huanza vizuri: kina mama wako shambani tayari, kamera moja na maiki nzuri vinatosha. Ila urahisi huo una mtego. Mwani huhudumiwa wakati wa bamvua, maji yakikupwa sana. Ukikosa siku hizo chache, unasubiri kama wiki mbili, huku nauli na chakula vikihesabiwa upya. Kuigiza kunadai malipo ya waigizaji na mazoezi, lakini ratiba unaipanga mwenyewe.

Kwa kuaminika, makala haina mpinzani. Mama akiinua kamba ya mwani ikiwa tupu, hakuna la kuongeza. (Tafadhali usimkatize kwa dakika nne za mtaalamu aliyekaa ofisini.) Lakini mkata mikoko wa usiku hatakubali kuonyesha uso. Huyo muigize, asiumbuke mtu.

Kuhusu kudumu, takwimu za makala huchakaa mapema, hadithi huchelewa kuchakaa.

Kama unaishi karibu na ufuo na wenyeji wanakuamini, makala itakufaa. Kama una waigizaji wa kikundi chako na wikiendi mbili tu, andika hadithi. Upepo wa kusi utaharibu sauti kote kuwili, kwa hiyo nunua kizuia upepo kwanza.