Hita ya maji ya kuoga: ipi haiunguzi wala haifugi bakteria

Bakteria wa legionela, waliotambuliwa baada ya mlipuko wa nimonia huko Philadelphia mwaka 1976, hustawi katika maji vuguvugu ya nyuzi 20 hadi 45 na hawastahimili tangi linalohifadhiwa kwenye nyuzi 60. Maji ya nyuzi 60, hata hivyo, humbabua mtu mzima kwa sekunde tano hivi, na mtoto upesi zaidi. Hita nimezipanga kwa kuzingatia hatari hizo mbili.

Ya kwanza ni hita ya umeme yenye tangi, thamostati (kidhibiti cha joto) ikiwekwa nyuzi 60, pamoja na vali ya kuchanganya maji inayojirekebisha yenyewe, ambayo fundi bomba ataifunga karibu na bafu na kuiweka nyuzi 41 kwa shawa. Vali ndiyo ya kuchagua kwa makini kuliko tangi. Katika miji yenye mgao wa maji kama Nairobi, maji baridi hukatika mtu akiwa bado na povu mwilini, na vali isiyojifunga wakati huo humwachia maji ya moto matupu. Kabla ya kumlipa fundi, mwambie afunge koki ya maji baridi huku shawa ikitiririka: maji ya moto yasipokatika mara moja, vali hiyo irudishwe dukani.

Ya pili ni hita ya sola, mradi iwe na koili ya umeme ya kupasha maji jua likikosekana, na vali ya kuchanganya iliyotengenezwa kuhimili joto la sola. Jua la Januari huweza kuyapitisha maji nyuzi 70, ilhali mawingu ya Julai huyaacha vuguvugu kwa siku kadhaa, hali ambayo bakteria huipenda.

Ya tatu ni shawa ya umeme ya papo hapo. Haihifadhi maji, lakini presha ikishuka maji huchemka ghafla, na bila waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, isifungwe kabisa.

Ya mwisho ni tangi lisilo na vali lililoshushwa hadi nyuzi 45, ambalo wauzaji hulisifia kwa kuokoa umeme. Halifai hasa penye wazee, wavutaji sigara au wenye mapafu dhaifu, kwa kuwa maambukizi huingia kwa kuvuta pumzi yenye matone ya shawa, na ni nadra kuyapata kwa kunywa.