"Hilo ni swali la saluni": uzoefu wangu wa kozi fupi ya kamera

"Dada, hilo ni swali la saluni."

Maneno yenyewe ndiyo hayo, sijaongeza wala sijapunguza. Niliambiwa mbele ya darasa zima, wiki ya pili ya kozi fupi ya kamera za video na picha mnato niliyosoma hapa Dar es Salaam, mwaka juzi au mwishoni mwa ule wa kabla yake. Chuo sikitaji, na mwalimu ndiyo kabisa simtaji. Wakisoma watajijua.

Swali langu lilikuwa hili. "Mwalimu, mbona bibi harusi mwenye rangi kama yangu akivaa gauni jeupe, kwenye video uso unatoka kama mkaa, halafu gauni limetoka safi?" Basi. Sikuuliza bei ya hina. Mwalimu akacheka kwanza, akaweka chaki chini, akasema hilo neno lake, kisha akaongeza, "Mambo ya poda mtaongea hukohuko. Hapa tunajifunza kamera." Vijana wakaangua kicheko. Darasa la watu ishirini na kitu, wanawake tulikuwa wawili, na mwenzangu siku hiyo alikuwa hajaja.

Mjue kwa nini iliniuma. Mimi napamba maharusi Magomeni, mwaka wa tisa huu. Bibi harusi anatoka mkononi mwangu amewaka, mashangazi wanapiga vigelegele, mpaka mimi mwenyewe najisifia kimoyomoyo. Wiki mbili baadaye mama yake ananipigia simu: "Mwanangu, ulimpaka nini yule mtoto? Kwenye video hatumuoni." Nimeshawahi kurudisha hela kwa ajili ya video ambayo hata sikuishika. Ndiyo maana nilikwenda kusoma. Nilikuwa na swali moja tu maishani, nikalilipia ada, nikalifikisha kwa mwenye kujua, nikachekwa.

Na kama ingeishia hapo ningesamehe. Haikuishia. Kamera zilikuwa mbili, moja kubwa ya video ya kubeba begani na nyingine ya picha. Kwenye vitendo mnajipanga foleni kama ya maji, kila mtu anapewa dakika zake chache. Zamu yangu ikikaribia, mwalimu ananiona: "Dada wa saluni, tushikie rifleka, wewe mikono imezoea kunyanyua." Rifleka ni lile bapa la kurudishia mwanga kwa anayepigwa picha. Najua kushika rifleka kuliko mtu yeyote aliyewahi kupita kile chuo. Naweza kuishika kwenye upepo wa Coco Beach saa tisa alasiri isitikisike. Kamera yenyewe, nikijumlisha wiki sita zote, sidhani kama niliishika nusu saa.

Kwa hiyo kama unataka hukumu yangu ya haraka, ni nyota moja, na hiyo moja ni ya mlinzi wa getini, aliyekuwa ananiachia niweke begi langu la vipodozi kibandani kwake.

Sasa jibu la swali langu. Nililipata ukumbini, kwa mzee mmoja anayeshuti harusi tangu enzi za kanda za VHS. Nilimkuta anafunga nyaya zake, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza vilevile nilivyouliza darasani. Hakucheka. Akasema, "Binti yangu, kamera haijui harusi. Kamera inajua kijivu."

Akanieleza. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kinachukulia kwamba kila unachokielekezea kinarudisha mwanga kiasi kile kile, kama kijivu cha wastani, asilimia 18. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inabana airis, lile tundu la lenzi linaloingiza mwanga. Gauni linatulia, uso unazama. Elekeza kwa bwana harusi mwenye suti nyeusi, inafanya kinyume, inafungua kupita kiasi mpaka suti inakuwa ya kijivujivu na shati linaungua. Dawa yake ni kuiondoa kwenye oto, kusogeza zumu mpaka uso peke yake ujae, kupima hapo, kukifungia kipimo kisibadilike, ndipo urudi nyuma. Na zebra, ile mistari mistari inayotokea kwenye kioo pale mwanga unapofika kiwango ulichoweka, vitabu vingi vinakwambia iweke asilimia 70 na uiache icheze usoni. Icheze usoni kwa nani? Hiyo ni ngozi ya Mzungu. Ukiusukuma uso wangu mpaka 70 unakuwa umenichubua bila mkorogo. Mzee yeye anashuka mpaka 50 hivi, saa nyingine chini zaidi kwa mtu mweusi tii, halafu anaongeza taa kubwa laini ya ubavuni, kwa sababu ngozi nyeusi inapendeza kwa ule mng'ao inaourudisha.

Nilisimama pale na brashi mkononi kama mjinga. Dakika kumi tu, bure, na mzee bado anakunja nyaya.

Baadaye nikaja kusoma kwamba hili jambo lina historia. Kodak, kampuni ya filamu za picha, miaka ya zamani walikuwa wakipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, kadi hizo zikaitwa Shirley, na fundi alirekebisha rangi mpaka ngozi ya yule mwanamke itoke vizuri. Wengine tutoke tutakavyotoka. Kwa hiyo swali langu ni swali la kamera tangu sijazaliwa, mwalimu.

Lakini ngoja. Hapa ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa, maana nikisema kweli yote, ni swali la saluni pia. Kuna poda za kumalizia zenye silika, ukimpaka mtu kwa macho anaonekana amelainika, ukimpiga flashi uso unatoka mweupe kama aliyeangukia unga wa sembe. Fandesheni ya mafuta mafuta chini ya taa ya video inang'aa mpaka zebra inapiga kelele kwenye paji la uso peke yake. Hayo nayajua mimi, na mle darasani hakuna mwingine aliyekuwa anayajua, mwalimu akiwemo. Angenipa dakika tano mbele ya ubao, wale vijana wangetoka na kitu ambacho mpaka leo, nikiziona kazi zao, hawana. Badala yake nikashikishwa rifleka.

Haya. Sasa niseme na upande wa pili, japo meno yananiuma.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa sendofu ya binti wa jirani, ukumbi wa huku Sinza. Kamera nilikodi. Nikawasha, kioo giza. Nikafungua airis yote, bado giza. Kamati wananiangalia, MC anapima maiki, jasho linanitoka. Ghafla nikasikia sauti ya yule mwalimu kichwani kwangu, kwa ukali wake uleule: "Angalia ND kwanza! Aliyekutangulia alikuwa juani!" Kweli bwana, swichi ya ND, ile filta nyeusi ya kupunguza mwanga, ilikuwa imeachwa kwenye 1/64. Nikairudisha, ukumbi ukaonekana.

Tukaanza. Shata, ule muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha, nilishaweka 1/50 ya sekunde, fremu 25 kwa sekunde, hata bila kufikiri, kwa sababu kila kipindi alikuwa anatuimbisha kama watoto wa chekechea: "Umeme wetu?" "Hamsini!" "Shata yetu?" "Hamsini!" Nilikuwa naona ni upuuzi. Maana yake ni kwamba umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi za ukumbini zinapepesa mara 100 kwa sekunde, macho hayaoni lakini kamera inaona, na ukiiacha kwenye 1/60 kama ilivyokuja dukani unapata michirizi inayotambaa kwenye picha. Yupo kijana niliyesoma naye alijifanya mjuaji, akashuti kicheni pati nzima kwa 1/60. Sitaki kumcheka. Nilimcheka kidogo.

Halafu, katikati ya mama mzazi kumvisha binti kitenge, umeme ukakatika. Jenereta likawashwa, taa zikarudi, na michirizi ikaja nayo, inapanda polepole usoni kwa bibi harusi. Jenereta likilemewa mzunguko wake unayumba, hamsini siyo hamsini tena. Na hapo tena yule mtu! Wiki ya mwisho kabisa, kwa dakika mbili, watu wanawaza vyeti, alifungua menyu moja ndani ya ile kamera kubwa, akatuonyesha shata inayosogezwa kidogo kidogo kwa namba ndogo, na akasema, "Hii mtaikumbuka siku ya jenereta." Nikaitafuta, mikono inatetemeka, nikasogeza mpaka michirizi ikasimama, ikafifia. Mama mzazi hajui chochote. Video ile ndiyo iliyoniletea wateja watatu waliofuata.

Unaona tabu yangu? Mtu amekudhalilisha, halafu maneno yake ndiyo yanayokuokoa ukumbini, na kwa sauti yake mwenyewe. Ningependa awe mjinga. Ingekuwa rahisi sana kuandika hapa. Lakini mle darasani hakubahatisha kitu hata siku moja, na kila alichokifundisha nimekuta ni hivyohivyo kazini. Alichokataa kufundisha ndicho kilichonipeleka.

Basi nyota tatu. Nimefikiri, ni tatu.

Nimerudi kusoma nilichoandika juu, nimefika kwenye rifleka, ni mbili.

Anayetaka kwenda kozi kama hii, yoyote, siyo hii tu, asiulize vitabu wala orodha ya masomo. Aombe kuingia siku ya vitendo, asimame nyuma, ahesabu kamera na ahesabu vichwa. Halafu aangalie nani anashika rifleka.

Mtoto wa mama mdogo amemaliza kidato cha nne na anataka kuingia humu kwenye kamera. Msichana, mpole, sauti ya chini. Ameniuliza juzi: "Dada, nikasome kule kulekule?" Nimekaa kimya mpaka chai ikapoa. Nimemwambia Jumamosi nitampeleka mwenyewe, ada nitalipa nusu, na siku ya kwanza akae kiti cha mbele aulize lile swali langu neno kwa neno. Akichekwa anipigie, niko kituo kimoja tu cha daladala kutoka pale. Na akinipigia nitapitia cheti changu, maana mpaka leo kiko kwao, sijawahi kwenda kukichukua.