KoboToolbox kwa bajeti ya komini: chombo kizuri, kazi iko kwenye fomu

Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984. Komini (kitengo cha utawala cha mji) ya Lubumbashi inayotaka kutetea pesa za maji lazima ijihesabie watu wake. Sheria nayo inaelekea huko: ile ya fedha za umma, namba 11/011 ya 2011, inataka bajeti ya programu yenye malengo na vipimo vya matokeo, ingawa utekelezaji wake uliahirishwa. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inaipa komini, au sekta na chefferie (vitengo vya utawala vya vijijini), yenye mgodi asilimia 15 ya mrabaha. Pesa hiyo ni ya wakaaji, na kuigawa kwa kukisia ni kuwadhulumu.

KoboToolbox, mfumo wa kukusanya takwimu kwa fomu za simu, inafaa sana kwa kazi hii. Akaunti ya kuanzia ni ya bure, simu ya Android ya bei nafuu inatosha, na programu yake ya simu, KoboCollect, hujaza fomu bila mtandao, kisha hutuma mtandao ukipatikana.

Fomu ndefu iandikwe kwenye Excel: ukurasa wa «survey» kwa maswali, wa «choices» kwa majibu ya kuchagua, Kiswahili na Kifaransa katika safu mbili. Kwa maji, anza na mambo manne: watu wanaolala nyumbani, bidoni za lita 20 kwa siku, dakika za foleni, na GPS ya mahali wanapochota. Fomu ipige hesabu yenyewe: bidoni mara 20, gawanya kwa watu. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu alama ya mshazari haigawanyi. Andika neno div. Familia iliyo chini ya lita 15 kwa mtu kwa siku haifikii kiwango cha Sphere (viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu), na hiyo ni hoja inayoweza kusimama mbele ya wanaopanga bajeti. Weka pia kikomo cha bidoni, la sivyo 20 itaandikwa 200 na wastani wa kartye (mtaa) nzima utaharibika.

Kosa baya kuliko yote haliko kwenye simu. Ni kuhesabu lupango (kiwanja chenye nyumba) moja kama familia moja, wakati ndani yake wanaishi wapangaji wa familia tatu au nne. Swali la kwanza liwe: ni familia ngapi zinapika chakula chao peke yao hapa? Kisha fomu moja kwa kila familia. Kobo haikuchagulii nani aulizwe. Amueni mapema, kwa mfano lupango moja kila baada ya tano kwenye kila avenyu, na msiruke zenye mlango uliofungwa bila kurudi.

GPS ndani ya nyumba ya mabati huchelewa: toka nje, subiri usahihi ufike mita 5. Fomu ikibadilishwa, ichapishwe upya na kila simu iipakue tena, maana simu yenye toleo la zamani itaendelea kuuliza maswali ya zamani. Akaunti ya seva ya Kobo ya Ulaya haifunguki kwenye seva yake ya dunia. Fomu ambazo hazijatumwa hupotea programu ikifutwa, kwa hiyo tumeni kila jioni.

Komini isiyo na mtu anayeimudu Excel imtafute huyo kwanza, kabla ya kununua simu.